Akina Mama wa Afrika: Kutoka London hadi Kampala

Akina Mama wa Afrika, kwa kifupi AMwA, ni asasi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1985 na wanawake wa Kiafrika waliokuwa wakiishi nchini humo. Leo makao yake makuu yako Kampala, Uganda, na kazi yake kubwa ni kuwaandaa wanawake vijana wa bara zima kushika uongozi na kutetea haki zao. Jina lake ni la Kiswahili, ijapokuwa wanachama wake walitoka pia Afrika Magharibi na sehemu nyingine ambako lugha hiyo haisemwi.

Vyama vya wanawake walioko ughaibuni vina desturi yao. Vingi huanza kama upatu au kama chama cha kufa na kuzikana, kisha huongeza mchango wa darasa la shule ya kijijini, madawati, kisima, au ada ya wasichana wachache waliofaulu bila wa kuwalipia. Kazi hiyo ni ya heshima, na bila yake shule nyingi za Afrika zingekuwa na mapaa machache zaidi. Akina Mama wa Afrika walishika njia nyingine. Walianza kwa kuwahudumia wanawake wenzao walioko ugenini, baadaye wakajenga mafunzo ya uongozi kwa walioko nyumbani, na hatimaye wakahamishia asasi yenyewe nyumbani. Hatua hiyo ya tatu ndiyo adimu. Kwa kawaida mradi hupelekwa Afrika, lakini meza ya mkurugenzi na daftari la hesabu hubaki Ulaya.

London ya mwaka 1985 haikuwa mji mwepesi kwa mwanamke mweusi. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika Januari 1983, ilikuwa imekaza masharti ya ukaazi na uraia kwa watu waliotoka makoloni ya zamani. Tangu mwanzoni mwa muongo huo wanafunzi kutoka nje walitakiwa kulipa gharama yote ya masomo yao, na kwa familia nyingi za Kiafrika mlango wa chuo kikuu cha Kiingereza ukawa umefungwa. Mwishoni mwa Septemba 1985 polisi walimpiga risasi Cherry Groce nyumbani kwake Brixton walipokuwa wakimtafuta mwanawe. Siku chache baadaye, tarehe 5 Oktoba, Cynthia Jarrett alianguka na kufa huko Tottenham polisi walipokuwa wakipekua nyumba yake. Wote wawili walikuwa akina mama weusi waliokutwa majumbani mwao, na kila tukio lilifuatiwa na ghasia za mitaani.

Waafrika waliokuwapo walikuwa wa namna nyingi. Walikuwapo waliokuja kusoma wakakwama, wauguzi waliokuwa wakifanya zamu za usiku katika hospitali za serikali, wake waliowafuata waume, na wakimbizi waliotawanywa na udikteta na vita, wakiwamo Waganda wa enzi ya Idi Amin na ya utawala wa pili wa Milton Obote. Mwanamke wa kundi hili alibeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Huku alidaiwa kodi ya nyumba na karatasi za uhamiaji. Kule alisubiriwa kwa ada ya wadogo zake, dawa ya mama na mchango wa msiba.

Vyama vya wanawake weusi vilikuwapo tayari. Kundi la Wanawake Weusi la Brixton lilianza mwaka 1973, na mwaka 1978 ukaundwa mtandao mkubwa zaidi uliowaunganisha wanawake wenye asili ya Asia na Afrika, OWAAD, ambao ulidumu miaka michache tu. Mwaka 1983 Efua Dorkenoo, mzaliwa wa Ghana, alianzisha London shirika la FORWARD lililopambana na ukeketaji, na bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuupiga marufuku mwaka 1985. Kilichokuwa hakijapata nafasi ya kutosha ni mambo ya mwanamke aliyezaliwa Afrika, ambaye habari za nyumbani kwake hazikuwa kumbukumbu ya mababu bali barua ya wiki iliyopita.

Mwaka huohuo, macho ya harakati za wanawake duniani yalielekea Nairobi. Mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika huko Julai 1985 kufunga Muongo wa Wanawake, na kando yake, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, lilikuwapo jukwaa la asasi za kiraia lililoratibiwa na Nita Barrow wa Barbados na kuhudhuriwa na maelfu ya wanawake. Kwa mara ya kwanza mkutano wa aina hiyo ulifanyika katika ardhi ya Afrika kusini mwa Sahara, na matunda yake yalionekana haraka. Kabla ya mwaka kwisha wanawake wa Uganda, wengi wao wahadhiri wa Makerere, waliunda asasi ya ACFODE. Tanzania ilipata Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, mwaka 1987, na mwaka 1988 ukaanzishwa mtandao wa FEMNET wenye makao yake Nairobi. Akina Mama wa Afrika ni wa rika hilo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa mbali, na umbali huo ukawafanya waone mapema jambo ambalo wenzao wa nyumbani walichelewa kidogo kuliona: kwamba matatizo ya Mnigeria, Mganda na Mzimbabwe yalifanana vya kutosha kushughulikiwa kwa pamoja. Nchini Kenya mwanamke angejiunga na chama cha Kenya. Kule London kila mmoja aliitwa Mwafrika, apende asipende.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya huduma. Asasi iliwashauri wanawake juu ya mambo ya uhamiaji, makazi, afya na migogoro ya ndoa, na iliwapa mahali pa kukutana na kujadili siasa za bara lao. Katika kazi zote za Uingereza, iliyotoa sura ya pekee kwa asasi hii ni ile ya magereza. Miongoni mwa wanawake wa Kiafrika waliofungwa nchini humo walikuwamo wengi waliokamatwa kwenye viwanja vya ndege wakiwa wamebeba dawa za kulevya kwa niaba ya watu wengine. Mara nyingi walikuwa akina mama wenye watoto waliowaacha nyumbani, wakiwa wamekubali safari moja ili walipe deni au ada ya shule. Hukumu ilikuwa miaka kadhaa, na mwisho wake kufukuzwa nchini. Ndugu hawakuwa na uwezo wa kuja kuwatembelea, na wengine nyumbani hawakuambiwa mama yuko wapi. Akina Mama wa Afrika waliwatembelea wanawake hao, wakawasaidia kuwasiliana na familia zao na wakawasemea mbele ya wenye mamlaka.

Kazi hiyo ya magereza haipewi nafasi kubwa siku hizi historia ya asasi inaposimuliwa, pengine kwa sababu haipendezi katika taarifa za wafadhili kama picha ya mahafali. Lakini ndani yake mlikuwa na fundisho lililoongoza yaliyofuata. Mwanamke aliyekuwa gerezani London alikuwa ameanza safari yake katika nchi ambayo gharama za elimu na matibabu zilikuwa zimetupwa juu ya kaya. Ghana iliingia katika mpango wa kurekebisha uchumi mwaka 1983. Nigeria na Tanzania zikafuata mwaka 1986, na Uganda mwaka 1987. Chini ya mipango hiyo serikali zilipunguza matumizi ya huduma za jamii, na sera ya kuchangia gharama ikaingia mashuleni. Palipokuwa na ada ya mtoto mmoja tu, kaya nyingi zilimchagua mvulana. Msaada wa fedha kutoka London ungeweza kumwokoa msichana mmojammoja, lakini maamuzi yaliyomwondoa shuleni yalikuwa yakifanywa wizarani na bungeni, mahali ambapo wanawake walikuwa wachache na wenye hoja zilizoandaliwa walikuwa wachache zaidi.

Mwaka 1991 uongozi wa asasi ulishikwa na Bisi Adeleye-Fayemi, Mnigeria aliyezaliwa Liverpool mwaka 1963 na kusomea historia katika Chuo Kikuu cha Ife. Alikaa katika nafasi ya ukurugenzi kwa miaka kumi, na ni chini yake ambapo kituo cha huduma cha London kiligeuka kuwa asasi ya kimataifa. Haikuwa sifa yake peke yake: kila aliyefanya kazi ya wanawake katika miaka hiyo alisukumwa na maandalizi ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake huko Beijing. Mkutano huo wa Septemba 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella wa Tanzania, uliweka elimu ya wanawake na mtoto wa kike miongoni mwa maeneo kumi na mawili ya kipaumbele na ukawaleta pamoja Waafrika wengi. Vilevile ulionyesha pengo. Wanawake walioongoza ujumbe wa Afrika walikuwa wa kizazi cha uhuru au kilichokifuata kwa karibu, na haikuwa wazi ni akina nani wangepokea kijiti.

Jibu la Akina Mama wa Afrika lilikuwa Taasisi ya Uongozi ya Wanawake wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi cha AWLI, iliyobuniwa na kuanza kazi kati ya mwaka 1996 na 1997. Makao yake yalikuwa Uganda, na uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko ulivyoonekana wakati huo. Uganda ya miaka hiyo ilikuwa na katiba mpya ya mwaka 1995 iliyotenga viti vya wanawake, mwanamke katika umakamu wa rais tangu 1994, yaani Specioza Kazibwe, na Chuo Kikuu cha Makerere ambacho tangu 1990 kiliwaongezea wasichana alama 1.5 katika udahili. Mwaka 1997 nchi hiyo ilianza mpango wa elimu ya msingi bila ada. Kwa asasi iliyotaka kuonyesha kwamba uongozi wa wanawake unaweza kujadiliwa kama jambo la kawaida, mahali pazuri zaidi pa kuanzia palikuwa pachache.

Mafunzo hayo yaliwalenga wanawake wenye umri wa miaka 25 hadi 40 kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Waliletwa pamoja, wakalala pamoja, wakasoma pamoja. Yalifundishwa mambo ya kiutendaji, kama vile kupanga mkakati, kutafuta fedha, kuendesha asasi na kuzungumza na watunga sera, lakini kiini kilikuwa fikra za kifeministi: kwa nini mwanamke amewekwa mahali alipo, nani anafaidika, na yeye mwenyewe anaendeleza vipi hali hiyo. Yalizungumzwa mambo ya miili, ndoa, dini, fedha, hasira na uchovu. Mahali pengine barani neno ufeministi wakati huo lilitamkwa kwa kunong'ona, na hata wanaharakati wengi walijitetea kwamba wao si wafeministi bali wanashughulikia jinsia tu. AWLI ililiweka wazi mezani. Hilo liliigharimu asasi marafiki, na likaipa wengine.

Ukiulizwa uhusiano wa mafunzo ya watu wazima na elimu ya wasichana, jibu rahisi ni kuitazama asasi nyingine ya rika hilo. FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji, liliundwa mwaka 1992 na wanawake watano waliokuwa na dhamana ya elimu katika serikali za Ghana, Shelisheli, Gabon, Zimbabwe na Burkina Faso, miongoni mwao Fay Chung na Vida Yeboah. FAWE ilianzia wizarani ikashuka darasani. Mpango wake maarufu, Tuseme, ulizaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 chini ya Penina Mlama, ukitumia sanaa za maonyesho kuwapa wasichana wa sekondari sauti juu ya yanayowazuia kusoma. Akina Mama wa Afrika hawakuwa na wizara wala darasa. Walichokuwa nacho ni mtandao wa wanawake ambao, baada ya mafunzo, walirudi kwenye ofisi za serikali, vyama vya siasa, vyombo vya habari na asasi ndogo za wilayani, na huko ndiko mambo ya wasichana yalikojadiliwa au kupuuzwa. Ni njia ndefu na matokeo yake hayahesabiki kwa urahisi. Mfadhili anayeuliza ni wasichana wangapi wamelipiwa ada hapati takwimu ya kumridhisha, na asasi imeishi na usumbufu huo tangu mwanzo.

Tatizo jingine lilijitokeza mapema: fedha. Wahitimu walirudi nyumbani na mipango mizuri, lakini mifuko ya kimataifa haikuwa na mazoea ya kukipa ruzuku kikundi kidogo cha wanawake kisicho na akaunti ya muda mrefu wala mkaguzi wa hesabu. Mwaka 2000 Adeleye-Fayemi alishirikiana na wanawake wengine wawili kuanzisha Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake wa Afrika, AWDF. Mmoja alikuwa Joana Foster, mwanasheria wa Ghana aliyekuwa ameratibu WiLDAF, mtandao wa sheria na maendeleo ya wanawake barani. Wa pili ni Hilda Tadria wa Uganda, mwanaanthropolojia na mmoja wa waanzilishi wa ACFODE. Mfuko huo uliweka ofisi Accra na tangu hapo umetoa ruzuku kwa asasi za wanawake katika nchi zaidi ya 40 za Afrika. Adeleye-Fayemi alihamia huko na kuuongoza hadi 2010. Akina Mama wa Afrika kwa hiyo walimpoteza mkurugenzi, na wenzake kadhaa wakaelekea upande huohuo, lakini bara likapata chombo cha fedha kilichoendeshwa na Waafrika wenyewe.

Uhamisho wa makao makuu kwenda Kampala ulikamilika katika muongo wa kwanza wa karne ya 21. Haukuwa jambo la kubeba makabati tu. Asasi iliyosajiliwa Uingereza ilikuwa na ulinzi fulani: sheria zake, ukaribu na wafadhili, na uhuru wa kusema juu ya serikali za Afrika bila hofu ya kunyimwa leseni. Kampala iliyaondoa mengi ya hayo. Kwa upande wa pili, iliiondolea lile swali lililokuwa likiwaandama wanawake wa ughaibuni kila waliposimama kuzungumza, kwamba wao ni nani kuwasemea waliobaki. Baada ya kuhama, wafanyakazi wake walikuwa wakilipa ada za watoto wao katika shule zilezile walizokuwa wakizijadili.

Mwezi Novemba 2006 kongamano la kwanza la wafeministi wa Afrika lilifanyika Accra na kupitisha Mkataba wa Misingi ya Ufeministi kwa Wafeministi wa Afrika, waraka ambao unatumika hadi leo katika mafunzo ya asasi nyingi. Kongamano la pili lilifanyika Kampala mwaka 2008, na Akina Mama wa Afrika ndio waliokuwa wenyeji. Katika miaka hiyo asasi iliongozwa na Solome Nakaweesi-Kimbugwe, mwanaharakati wa Uganda ambaye hakuwa na tabia ya kuzunguka maneno.

Ubishi mkubwa ulizuka Novemba 2010. Asasi ilikuwa imeandaa mkutano wa mafunzo kwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika Afrika Mashariki, ili ujadili haki zao, afya na ukatili wa polisi. Waziri wa maadili wa Uganda aliupiga marufuku. Kwa waliokuwa wakiifahamu asasi tangu London, uamuzi wa kuuandaa mkutano haukuwa wa kushangaza. Wanawake ambao asasi iliwatembelea gerezani miaka ishirini nyuma nao walikuwa watu ambao jamii yao ilipenda kutowataja. Kwa wengine waliokuwa wakiiunga mkono kwa ajili ya elimu ya wasichana na uongozi, lilikuwa jambo gumu kulitetea kanisani au msikitini.

Mwaka huohuo ulileta habari njema pia. Akina Mama wa Afrika ni miongoni mwa wanachama wa SOAWR, muungano ulioundwa mwaka 2004 kuzisukuma nchi ziridhie Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika Julai 2003 na kuanza kutumika Novemba 2005. Uganda iliiridhia Julai 2010, wakati Kampala ikijiandaa kupokea wakuu wa nchi za Umoja huo. Kenya ikafuata baadaye mwaka huo, ilhali Tanzania ilikwisha kuridhia mwaka 2007. Kifungu cha 12 cha itifaki hiyo kinazitaka serikali ziondoe ubaguzi katika elimu, zifute picha potofu za wanawake katika vitabu vya kiada, ziwalinde wasichana dhidi ya unyanyasaji wa kingono shuleni na ziwawekee mazingira ya kubaki masomoni. Kwa asasi za wanawake, kifungu hicho kilikuwa silaha ya kisheria ambayo kizazi cha 1985 hakikuwa nayo.

Uzi wa elimu ya wasichana umeonekana wazi zaidi katika asasi zilizoanzishwa na watu wa mtandao huohuo. Mwaka 2008 Hilda Tadria alianzisha MEMPROW, shirika la Uganda linalowapa wasichana wa shule na vyuo stadi za kujilinda, kukataa ndoa za mapema na kudai haki yao ya kusoma. Aliyokuwa akiyajadili na wanawake wazima kwenye kumbi za mikutano aliyapeleka kwa wasichana wenyewe, kabla hawajafikia umri wa kuhitaji kufundishwa upya.

Baadaye ukurugenzi mtendaji ulishikwa na Eunice Musiime, mwanasheria wa Uganda. Chini yake mafunzo ya uongozi yaliendelea, na asasi ikaongeza kazi ya haki za wanawake wanaoajiriwa katika mashamba ya maua, sekta inayouza bidhaa zake Ulaya na kutegemea mikono ya wanawake wa kipato cha chini. Kisha likaja janga la Uviko-19. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Takriban wanafunzi milioni 15 waliathirika, na mimba na ndoa za utotoni zikawa gumzo katika kila wilaya. Mjadala wa kumrudisha darasani msichana aliyejifungua, ambao Sierra Leone iliumaliza Machi 2020 na Tanzania Novemba 2021 kwa kuondoa makatazo yao, uliikuta Uganda ikiwa imetoa miongozo mipya inayomruhusu arudi lakini inayomlazimu kwanza kukaa nje ya shule kwa miezi kadhaa. Asasi za wanawake zilipinga sharti hilo la likizo ya lazima.

Mwaka 2025 Akina Mama wa Afrika walitimiza miaka 40. Makao yamebaki Kampala, AWLI ingali ndiyo programu inayojulikana zaidi, na wahitimu wake wametapakaa katika mabunge, mifuko ya ruzuku, vyuo vikuu na asasi za wilayani kuanzia Afrika Magharibi hadi Kusini.